Shahada ya Fizikia na Kemia Ipimwe Muleba, Isipimwe kwenye Makabrasha

Tathmini ya programu za shahada katika vyuo vikuu vyetu imekuwa kama ibada yenye vazi lake, kitabu chake na karamu yake. Idara huandaa taarifa ya kujitathmini. Jopo la wataalamu hualikwa kutoka nje. Majalada hupangwa mezani kwa rangi, wanafunzi sita au saba walioteuliwa na mkuu wa idara huitwa waulizwe kama wanaridhika, na alasiri ya siku ya tatu mwenyekiti wa jopo husoma mapendekezo mbele ya uongozi. Mapendekezo yenyewe hujulikana kabla hayajasomwa: idara iongeze vitabu, iajiri wahadhiri wenye shahada ya uzamivu, ioanishe matokeo ya ujifunzaji na soko la ajira. Kisha watu hupiga picha ya pamoja.

Nimeketi pande zote mbili za meza hiyo. Hoja yangu leo ni kwamba kwa shahada ya fizikia na kemia utaratibu huo haupimi shahada. Unapima makabrasha yanayoizunguka. Nalileta jambo hili sasa kwa sababu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimechukua jukumu la kuanzisha kampasi mkoani Kagera kupitia mradi wa HEET, ambao Benki ya Dunia imeukopesha dola milioni 425 kwa ajili ya elimu ya juu nchi nzima. Majengo yatakuja. Nyuma ya majengo itakuja mitaala, na nyuma ya mitaala yatakuja majopo. Kampasi hiyo ianze na fani yoyote ile, watu wa Bukoba na Muleba wana haki ya kuuliza mapema: sayansi itakayofundishwa kwa jina lao itapimwa kwa kipimo gani?

Nianze na jambo dogo ambalo sijawahi kulikuta katika taarifa yoyote ya kujitathmini. Hakuna anayeuliza ni nani aliyeandaa kemikali.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huingia maabara saa nane mchana akakuta kila kitu kimepangwa. Chupa zina lebo, asidi imekwisha kupunguzwa makali hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mwongozo, bureti zimebanwa kwenye vishikizo vyake. Fundi sanifu wa maabara alifika tangu saa mbili asubuhi akapima, akachanganya, akajaribu, akamwaga, akarudia. Kazi iliyobaki kwa mwanafunzi ni kufungua koki, kusoma alama na kujaza jedwali. Katika chuo kimoja nilichokwenda kukikagua pamoja na wenzangu, ambacho jina lake haliongezi kitu katika hoja hii, mwongozo wa maabara ulikuwa umechapwa vizuri sana, na jedwali la matokeo ya ujifunzaji lilitamka kwamba mhitimu ataweza kubuni na kutekeleza jaribio la kisayansi. Nilitoka nje kupunga upepo nikazungumza na fundi wa maabara. Aliniambia kwamba wanafunzi hukaa kumi na wawili kwa kifaa kimoja. "Mmoja anashika, mmoja anaandika, waliobaki wananakili," alisema. Nikamwuliza kama kuna mwanafunzi aliyewahi kuandaa mchanganyiko kwa mkono wake. Alicheka. "Wakiandaa wao, mzee, kemikali ya muhula mzima inaisha kwa wiki moja."

Niliomba maneno yale yaingizwe katika ripoti. Nikaambiwa kwamba fundi hakuwamo katika ratiba ya mahojiano. Kipengele cha mafunzo kwa vitendo kilipewa alama ya kuridhisha sana.

Sasa tumfuate mhitimu. Shahada zetu za fizikia na kemia, tupende tusipende, ni kwa sehemu kubwa shahada za walimu. Ndivyo serikali ilivyokusudia ilipoanzisha mwaka 2005 vyuo vishiriki viwili vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DUCE pale Chang'ombe na MUCE kule Iringa, kwa kuwa shule za kata zilikuwa zinachipuka kwa kasi ambayo walimu hawakuweza kuifikia. Anayehitimu fizikia hatarajii kupokewa na maabara ya utafiti. Hupokewa na barua ya TAMISEMI, na barua hiyo humpeleka mahali kama Muleba.

Nilifika katika shule moja ya kata wilayani humo, kando ya njia inayoshuka kuelekea ziwani. Jengo la maabara lilikuwapo. Lilikuwa tunda la ile kampeni ya zama za Rais Kikwete ya kila sekondari ya kata kuwa na maabara tatu, kampeni ambayo wananchi wanaikumbuka zaidi kwa michango waliyodaiwa kuliko kwa jaribio lolote lililofanyika ndani yake. Kuta zilisimama imara, meza za zege zilikuwapo, mabomba yalikuwapo, maji hayakuwapo. Mwalimu wa kemia, binti mwenye shahada na miaka minne kazini, aliniamkia kwa adabu, nasi tukazungumza tukiwa tumeegemea meza.

"Mwalimu, kidato cha tatu wamefanya titresheni mara ngapi mwaka huu?"

"Bado, Dokta. Huwa tunasubiri karibu na mtihani."

"Kemikali hazipo?"

"Zipo kidogo." Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kuandaa ndiko kunakonishinda. Chuoni tulikuwa tunakuta tayari."

Msomaji asiharakishe kumhukumu. Nilimpa chaki, akaandika ubaoni bila kusita kwamba gramu 4 za hidroksidi ya sodiamu katika lita moja ya mchanganyiko hutoa moli 0.1. Hesabu ni sahihi. Kisha akanionyesha kopo. Lilikuwa limefunguliwa muda mrefu, na ndani yake punje zilikuwa zimegeuka bonge lenye majimaji, kwa sababu hidroksidi ya sodiamu hunyonya unyevu na hewa ya ukaa, na hewa ya kando ya ziwa haikauki. Gramu 4 za bonge lile si gramu 4 za alkali. Kila fundi wa maabara anajua la kufanya: unaandaa kwa kukisia, unaupima mchanganyiko wako dhidi ya asidi ambayo ukali wake unaujua, unasahihisha. Ni kazi ya saa mbili. Miaka mitatu ya shahada haikupata nafasi ya saa mbili hizo.

Ajabu ni kwamba katika vipimo vyote tunavyotumia, mwalimu huyu ni ushahidi wa mafanikio. Ameajiriwa, tena katika fani aliyosomea. Dodoso la kufuatilia wahitimu litamhesabu upande wa faida. Mkuu wa idara yake atachora mchoro wa duara, kipande cha kijani kitakuwa kikubwa, na binti huyu atakuwa ndani ya kijani hicho, akiwa na kopo la bonge na wanafunzi ambao watashika bureti kwa mara ya kwanza wiki chache kabla ya Baraza la Mitihani kuwapima kwayo.

Nitaambiwa kwamba tatizo ni vifaa, na kwamba nawalaumu wahadhiri kwa umaskini wa nchi. Vifaa ni tatizo, sikatai. Lakini hatua chache kutoka mlango wa maabara ile kulikuwa na lundo la maganda ya ndizi, kama lilivyo nyuma ya karibu kila jiko la Kagera. Maganda hayo yakichomwa hadi yawe majivu, majivu yakalowekwa na kuchujwa, maji yanayotoka yana kabonati ya potasiamu, nayo ni alkali. Limau lina asidi. Ua la choya likichemshwa hutoa rangi inayobadilika kati ya asidi na alkali. Hapo una titresheni kamili, na ina sifa moja ambayo chupa za chuoni hazina: hakuna anayejua jibu mapema. Mwanafunzi analazimika kutafuta ukali wa alkali asioujua kwa njia ile ile ambayo mkemia wa kiwandani angeitumia. Ambaye anaiona hiyo kuwa sayansi ya kimaskini hajaelewa titresheni ni nini.

Na nikiwa hapo, niseme pia kwamba mkoa wenye mafundi wengi wa kutonesha enkonyagi hauna sababu ya kufundisha mvukizo na mtonesho kwa mchoro wa ubaoni peke yake. Sipendekezi wanafunzi wapelekwe huko. Nasema tu kwamba elimu ya nyuzi za mchemko ipo kijijini tayari, na mwalimu anayeweza kuitaja bila aibu ana nusu ya kipindi chake mkononi.

Nchi hii haijakosa nia ya kupata walimu wa sayansi. Imekosa subira ya kuangalia wanachofundishwa. Mwaka 2014 ilianzishwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati katika Chuo Kikuu cha Dodoma, ikichukua vijana waliomaliza kidato cha nne. Mwezi Mei 2016 wanafunzi 7,802 wa programu hiyo waliambiwa waondoke chuoni, baada ya masomo kusimama kwa mgogoro wa wahadhiri na malipo yao. Yaliyofuata mnayakumbuka. Mjadala wa taifa ukahama kutoka kwa wahadhiri na malipo hadi kwenye alama za vijana, Rais Magufuli akawaita vilaza, na kwa wiki kadhaa nchi nzima ikabishana juu ya nani alistahili kuingia getini. Sikumsikia mtu mzito hata mmoja akiuliza kijana aliyekaa pale miaka miwili alikuwa amejifunza kufanya nini. Ndivyo tulivyo. Tunapima mlango wa kuingilia kwa hamaki na mlango wa kutokea kwa dodoso.

Hadi hapa nimezungumzia mikono. Kuna kipimo cha pili, cha kichwa: je, shahada inajua imesimama wapi? Katika mitaala niliyowahi kupewa kuipitia, fizikia ni springi, pendulamu, mche wa kioo na saketi. Vyote ni vyema na vyote vinahitajika. Lakini mtaala huo ungeweza kuhamishiwa mji wowote duniani bila kubadilisha mstari mmoja, na hilo huandikwa kama sifa. Kwa Kagera ni upotevu mkubwa, kwa sababu ni sehemu chache za nchi hii zilizo na fizikia na kemia nyingi kiasi hicho mlangoni.

Mchukue mhunzi wa Kihaya. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba pale Katuruka na maeneo ya Kemondo, akakuta mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa karibu miaka elfu mbili. Wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi ya ujana wao walijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Mwaka 1978 Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery walichapisha katika jarida la Science dai lililoshtua wengi: kwamba mirija ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ya tanuri ilikuwa inaipasha moto hewa ya mivukuto kabla haijaufikia mkaa, na kwamba kwa njia hiyo wahenga wa Kagera walipata joto la juu sana na wakatengeneza chuma cha pua karne nyingi kabla Ulaya haijaanza kupasha moto hewa ya matanuri yake. Wataalamu wengine wa metali walipinga. Walisema mrija wa udongo ni kizuizi cha joto, na hewa hupita ndani yake kwa kasi isiyotosha kupata moto wa kutajwa.

Mimi sina haja ya kuamua nani alishinda. Nina haja ya kuuliza kwa nini swali hilo halijawa jaribio la kawaida la mwaka wa tatu katika idara zetu. Hewa ikipita katika mrija wa udongo wenye unene huu, urefu huu, kwa mwendo huu, ikizungukwa na mkaa wenye joto hili, itatoka na joto kiasi gani? Ni swali la kupimika. Linahitaji kipimajoto cha waya, mfinyanzi, mivukuto na mkaa. Ndani yake mna upitishaji wa joto, mwendo wa gesi, kemia ya kuondoa oksijeni kwenye mtapo, na mavi ya chuma ya kukaguliwa kwa hadubini. Mwanafunzi wa Bukoba angeweza kushiriki katika ubishi wa kweli wa kisayansi, unaohusu babu zake, akiwa na haki ya kuwapinga wote wawili, Schmidt na wakosoaji wake. Badala yake tunamfundisha kwamba ubishi wa kisayansi uliisha zamani, mahali pengine, na yeye amekuja kusomewa matokeo.

Chukua mvua. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na ukielekea magharibi kiasi hicho hupungua sana kabla hujafika mbali. Chanzo ni ziwa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hewa hutiririka kutoka kingo zote kuelekea ziwani, hukutana, hupanda, hujenga mawingu ya radi. Kisha pepo za mashariki huyasukuma kuelekea ukingo wa magharibi, na ndiyo sababu mkazi wa Bukoba huamshwa na mvua wakati mwenzake wa kwingineko anaitarajia alasiri. Hii ni fizikia ya joto mahususi la maji, somo la kidato cha tatu. Na ni fizikia inayoua. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilitumbukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba asubuhi yenye hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa, na waokoaji wa kwanza walikuwa wavuvi. Miaka 26 kabla yake, asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu wakazama katika mojawapo ya ajali mbaya kuliko zote za majini barani Afrika. Meli inayopinduka ni habari ya kitovu cha uzito na kitovu cha kuelea. Kuna familia nyingi Bukoba na Muleba ambazo hazihitaji kuhamasishwa kuona umuhimu wa mada hiyo, na bado watoto wao huifundishwa kwa mfano wa kizibo katika bilauri.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba kwa maelfu na kuzifanya shule kongwe za Ihungo na Nyakato zifungwe kwa muda. Tulichangishana, tukajenga, na yakazuka maneno mengi juu ya michango ilikokwenda, ambayo sitayarudia hapa. Swali la kisayansi lilibaki yatima: kwa nini nyumba hii ilianguka na ya jirani ikabaki? Je, ilikuwa ni udongo wa chini, tofali, chokaa, au umbo la paa? Ukingo wenye mashapo laini hutikisika tofauti na ukingo wa mwamba. Kizazi kizima cha wanafunzi wa fizikia kingeweza kupita nyumba kwa nyumba kikiwa na daftari.

Watumishi wa umma mnaosoma hapa mtaniuliza haya yote yana faida gani kwa mkulima. Nendeni kwenye chama cha msingi cha kahawa msimu wa mauzo. Mkulima hufika na gunia, kifaa kidogo huingizwa buni, hutoa tarakimu ya unyevu, na tarakimu hiyo inaweza kumrudisha nyumbani na gunia lake. Kifaa hicho hakipimi maji moja kwa moja. Kinapima tabia za umeme za buni na kukisia maji kutokana nazo, kwa hiyo kinahitaji kusawazishwa, na kinaweza kukosea kwa sababu ya joto, aina ya buni au uzembe. Kukihakiki ni rahisi: pima buni, zikaushe katika oveni hadi uzito usibadilike tena, pima tena, toa. Maabara yoyote ya sekondari yenye mizani na oveni inaweza kufanya hivyo. Ningependa kuona siku ambayo mkulima wa Kamachumu anayetilia shaka tarakimu anapeleka kilo moja ya kahawa kwa mwalimu wa fizikia wa shule ya kata na kurudi na jibu. Hapo ndipo shahada itakuwa imeajiriwa kweli, na itakuwa imeajiriwa na watu waliochangia saruji ya maabara.

Najua pingamizi la wenzangu wa vyuoni. Watasema viwango ni vya kimataifa, fizikia haina kabila, na mhitimu wetu lazima aweze kwenda kusoma Ujerumani au China bila kuonekana wa kienyeji. Naikubali nusu ya kwanza. Sheria za joto hazina kabila, na ndiyo maana zinaweza kufundishwa kwa tanuri la Katuruka bila kupungukiwa kitu. Mhitimu aliyepima kitu ambacho jibu lake halikuwa nyuma ya kitabu atathaminiwa huko Ujerumani kuliko aliyenakili kutoka kwa jirani yake wa kumi na mbili.

Pingamizi la wasimamizi ni jingine: kwamba majopo yana hadidu zao za rejea, na Tume ya Vyuo Vikuu ina miongozo yake. Miongozo ipo, na mingi ni mizuri. Sijakutana na kifungu kinacholikataza jopo kupanda gari. Aidha, mradi wa HEET wenyewe unavitaka vyuo vihuishe mitaala kwa kushauriana na waajiri, na hapo naomba tuwe wakweli kuhusu neno waajiri. Vyuo vikilisikia hufikiria migodi, benki na kampuni za simu, kwa sababu hao wana kumbi za mikutano na wanajua kuvaa tai. Mwajiri mkubwa wa wahitimu wa fizikia na kemia ni serikali, na mtu pekee serikalini anayejua wahitimu hao wanaweza nini ni mkuu wa shule. Wakuu wa shule wa Muleba, wakiwamo wale wa visiwani ambao huvuka maji kuja kufuata mishahara na mitihani, hawajawahi kuonekana katika orodha ya wadau walioshauriwa ya taarifa yoyote iliyopita mikononi mwangu.

Kwa hiyo nataka jopo lolote litakalokuja kutathmini shahada ya sayansi Kagera litumie angalau siku mbili katika shule ambako wahitimu wanafundisha. Mhitimu apewe maabara kama ilivyo, asubuhi moja, na aambiwe aandae jaribio moja kwa ajili ya wanafunzi arobaini, kuanzia kopo hadi usafi wa meza. Jopo likae kimya nyuma ya darasa na kuandika. Katika jopo hilo awemo fundi sanifu wa maabara mwenye kura, na awemo mwalimu wa sekondari mwenye kura, wasiwe waalikwa wa kunywa chai. Chuoni kwenyewe, mwanafunzi asiruhusiwe kuhitimu kemia kama hajaandaa kwa mkono wake kemikali zilizotumiwa na wenzake, na kama zikiharibika, ziharibike pale, ambako kuna fundi wa kumwonyesha. Gharama yake ni ndogo kuliko ya makabrasha yenye rangi. Najua bei ya kuyachapisha, nimewahi kusaini hati zake.

Walimu wa fizikia na kemia wa Bukoba na Muleba, niandikieni. Niambieni tangu Januari mmefanya majaribio mangapi na wanafunzi wenu, mangapi yalishindikana, na kila lililoshindikana lilishindwa na nini: kifaa, maji, muda, au jambo ambalo hamkuwahi kuonyeshwa mlipokuwa chuoni. Majina yenu na ya shule zenu nitayahifadhi. Majibu nitayapanga katika jedwali na kuyapeleka kwa wanaoandaa mitaala kabla hawajaifunga.